Mjapani Aliyekataa Kufia Kindu

Mara ya kwanza nilipomwona, alikufa kabla sijamaliza kumenya karanga moja. Alifungua mlango, akapiga hatua nne, akala teke la kifua kutoka kwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, akaangukia meza, meza ikavunjika, basi. Hatua nne. Nilizihesabu, na Jumapili iliyofuata filamu ile ile iliporudiwa nikazihesabu tena. Zilikuwa nne zile zile. Hawakumwongezea hata moja.

Hiyo ilikuwa Kindu, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, mchana baada ya misa, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire na kila mtu alikuwa mwanachama wa Chama tangu tumboni mwa mama yake. Filamu ya mchana inataka giza, na ukumbi ulikuwa na madirisha tisa. Tuliyaziba kwa magunia yangu ya mchele. Magunia yalikuwa manane. Dirisha la tisa lilizibwa na mgongo wa mtu yeyote aliyekosa tiketi lakini akajaliwa mabega. Aliangalia bure, kwa sharti asitikisike. Mtu akichoka na kujinyoosha, jua liliingia na kumpiga shujaa usoni, na ukumbi mzima ukamtukana mwenye mgongo.

Magunia yalifikaje pale? Kwa mapatano. Mimi nilikuwa mwuza mchele katika soko la Kasuku, mchele wa kutoka Tunda, ulioletwa na treni. Filamu zile zilisema Kichina, na chini ziliandikwa Kifaransa kilichopita mbio kama panya. Watu wengi hawakukisoma. Mimi nilikisoma, kwa sababu masista walinichapa mpaka nikakisoma. Fundi wa mashine, mzee wa Kasai aliyemaliza miaka yake kwenye karakana ya reli, alinifuata sokoni.

"Mwanangu, unasoma mbio na sauti yako ni ya soko. Njoo utufasirie."

"Nitapata nini, papa?"

"Utaangalia filamu bure."

"Hata wa dirishani anaangalia bure."

Akacheka. Tulishindana mpaka kivuli cha meza yangu kikahama, kisha tukapatana: mimi nitoe sauti, yeye anipe kona ya ukumbi nihifadhi mchele wangu pasipo mvua wala panya wa miguu miwili. Ndiyo maana nasema kwamba mimi sikuingia kwenye mambo ya sinema kwa mapenzi. Niliingia kwa ajili ya paa.

Aliyekuwa na mapenzi ni mdogo wangu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa stesheni, kazi inayotaka mtu asiye na haraka na vidole vyake. Miezi michache baada ya yule wa hatua nne, ilikuja filamu nyingine, na mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akanigusa bega katikati ya maneno.

"Yaya, angalia. Yule wa mlango njo yeye tena."

"Yule alikufa."

"Njo yeye. Angalia sikio."

Nikaangalia. Sikio la kushoto lilikuwa limekunjwa na kukauka kama jani lililosahauliwa juani. Safari hii alikuwa mlinzi wa tajiri. Alipewa maneno matatu, ambayo niliyafasiri kwa heshima zote, halafu akatupwa kutoka ghorofani. Katika filamu ya tatu alikuwa na mke na farasi, akafa karibu na mwisho. Katika ya nne uso wake ulikuwa kwenye tangazo, upande wa chini, nyuma ya shujaa, mkubwa kama nusu ya uso wa shujaa. Nilipima kwa kidole. Mtu yule alikuwa anapanda cheo kwa kuchelewa kufa.

Jina lake hatukulijua. Katika filamu walimwita kwa jina la ubaya alioufanya. Kindu tulimwita Mjapani tu, na kama alikuwa Mjapani kweli hatukujua mpaka nilipopata ukurasa.

Ukurasa ulikuwa umefunga makayabo, samaki mkavu wa chumvi. Mwenye samaki, mama mmoja kutoka Kivu aliyekuwa na meza karibu na yangu, alikuwa amenunua rundo la magazeti ya zamani ya kufungia. Nikaona sikio. Nilijifanya sioni. Nilipatana naye juu ya samaki, nikakataa samaki, nikaomba karatasi. Akasema karatasi bila samaki haiuzwi. Nikala makayabo siku nne kwa ajili ya karatasi ile, na mimi sipendi makayabo.

Ilisema kwamba Mjapani alizaliwa katika mji wa bandari huko Japani, mtoto wa mtengeneza mapipa. Alianza karate akiwa mdogo, akawa bingwa wa mji wake, kisha wa mahali pakubwa zaidi, kisha akawa mwalimu mwenye ukumbi na wanafunzi. Halafu watu wa filamu wa China walipita wakitafuta adui. Kwao kila filamu ilihitaji mtu wa kupigwa, na mtu wa kupigwa lazima awe hodari kweli, la sivyo shujaa anaonekana anapiga gunia. Walimwuliza kama anajua kuanguka. Alijibu kwamba maisha yake yote alikuwa anajifunza kutoanguka. Wakamwambia hilo hawalihitaji. Akaenda nao, kwa sababu ukumbi ulikuwa na deni la paa. Nilipofika hapo nilimwelewa kabisa. "Tangu siku hiyo," uliendelea ukurasa, na ukaishia hapo, kwa sababu nusu ya chini ilikuwa imefunga samaki wa mtu mwingine.

Nilimsomea mdogo wangu maneno yale mara mbili, na mara ya pili alikuwa amesimama.

"Kwa hiyo anawaweza wote," akasema.

"Wote kina nani?"

"Wale wanaomupiga. Angalia miguu yao, yaya. Yule shujaa anakanyaga kama muntu anavuka matope. Mujapani miguu yake iko sawa, hata akianguka. Hakuna hata mumoja angemuweza. Anawaachia tu, juu ya kazi."

Baada ya hapo sikuweza tena kuangalia filamu kama watu wengine. Niliangalia miguu.

Kisha ikaja filamu ya bobini tano. Bobini ni lile gurudumu la chuma linalozungushiwa filamu, na kila moja ilisafiri katika kopo lake. Ilikuja kwa treni kutoka kusini, ikipokelewa na kukabidhiwa kila mahali treni ilipobadilishwa. Karatasi ilisema tano. Nikahesabu makopo: manne. Nikahesabu tena. Makopo hayaongezeki kwa kuhesabiwa. Fundi aliniangalia, mimi nikamwangalia, na nje watu walikuwa wameshajaa mpaka kwenye ngazi, kwa sababu safari hii uso wa Mjapani kwenye tangazo ulikuwa sawa na wa shujaa.

Tukaonyesha. Bobini ya nne iliisha Mjapani akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba kubwa, mikono chini, na ua mzima wa watu wenye mapanga ukimsubiri. Halafu kitambaa kikawa cheupe.

Ukumbi ulinyamaza. Unyamavu wa namna ile nimeusikia sokoni pia, pale watu wanapogundua kwamba chini ya gunia kuna mawe. Nilisikia kiti kimoja kikikwaruza. Viti vilikuwa mali ya reli, na magunia yangu manane yalikuwa ukutani.

"Mwisho," nikasema kwa sauti ya soko. "Aliwapiga wote. Ameshinda."

Ukumbi ulilipuka. Watu walibebana. Mwenye mgongo wa dirisha la tisa aliruka, na jua likaingia lote. Adui ameshinda! Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Wiki nzima sokoni waliniuliza, "Mama mchele, njo kweli ameshinda?" na mimi nikajibu, "Niliwasomea kilichoandikwa," jambo ambalo lilikuwa kweli mpaka bobini ya nne.

Basi Kindu ikawa mji ambapo Mjapani hakufa. Mdogo wangu na wenzake kumi na mmoja wa stesheni waliomba hangari moja, banda la mizigo lililoachwa karibu na gati, wakalifagia, wakaanza mazoezi. Nguo zao zilishonwa kwa magunia ya unga. Migongoni mwao uliweza kusoma uzito halisi wa unga. Ukutani walibandika ukurasa wangu wa makayabo, ambao siku za joto bado ulinuka. Walikuwa kumi na wawili. Wakishuka njia ya gati asubuhi wamenyooka namna ile, hata askari waliwapisha bila kujua kwa nini wanapisha.

Watu waliosimama wima wanaonekana kutoka mbali. Katibu wa seksheni ya Chama aliwaona.

Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya chui. Chui yule alikuwa mbuzi aliyepakwa madoa. Mvua ya kwanza ya msimu ilishalionyesha hilo. Siku zile kila kundi lilitakiwa kutoa animasyo, yaani kuimba na kucheza mbele ya wakubwa ili kumsifu Kiongozi. Walimu walicheza, wauguzi walicheza, mimi mwenyewe nilishacheza mara sita na kitenge cha Chama, nikihesabu hatua ili ziishe. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu ya jimbo alikuwa anakuja na treni. Katibu akaenda hangarini na mpango wake: vijana wa karate watapiga mikono na miguu kwa ngoma, kisha, jina la Kiongozi likitajwa, wote kumi na wawili waanguke chini kifudifudi, kama watu waliopigwa na nguvu zake.

Mdogo wangu akamwambia kwamba kucheza watacheza. Kuanguka hapana.

"Sitwayeni," katibu akasema. Hilo ndilo neno, maana yake raia, ambalo Chama kilituamuru kuitana, badala ya musyu na madamu. "Kila muntu anaanguka."

"Atuangushe kwanza muntu, tutaanguka."

Katibu hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga ningeandika hadithi fupi zaidi. Hakuwapigia kelele. Aliwauliza watu: wanamwabudu nani hawa? Akaambiwa habari ya Mjapani aliyeshinda. Na yeye alikuwa na shemeji huko kusini ambaye alikuwa ameiona filamu nzima, bobini zote tano.

Alikuja mezani kwangu wiki mbili kabla ya mgeni. Alichovya mkono kwenye mchele, akauacha uchuruzike vidoleni, kama watu wasiokuja kununua.

"Mama mufasiri. Mujapani alishinda?"

Nikafunga mdomo wa gunia.

"Bobini ya tano inafika Jumamosi," akasema. "Nimeiagiza miye mwenyewe. Jumapili utaionyesha, watu wote waingie bure. Yule muntu anakufa, sitwayeni. Na mbele ya kufa anapiga magoti na kufungua kinywa. Wewe utafasiri. Utasema anaomba musamaha."

"Imeandikwa hivyo?"

"Utasema hivyo."

"Na nikisema kilichoandikwa?"

"Hangari ni ya reli, itafungwa kufuli. Mudogo wako ni wa reli, atapelekwa kwenye kastesheni kamoja huko porini ahesabu majani. Na ukumbi ni wa reli." Akayaangalia magunia yangu. "Lakini wakiona bwana wao anaomba musamaha, wataanguka wenyewe, na hakuna atakayeumia. Ninakusaidia, mama."

Nilikuwa nimeshapatana na watu wa kila aina, wanyang'anyi wawili na padri mmoja wakiwemo, lakini sikuwahi kupewa bei ambayo ndani yake nilikuwa nimeshalipa. Nilijibu kwa jibu la soko: "Tutaona." Yeye alilisikia kama ndiyo. Watu wenye kofia wana masikio ya namna hiyo.

Kilichonikaba hakikuwa kufuli. Ni kwamba vijana kumi na wawili walijenga mgongo wao juu ya neno langu moja, na neno lile nililisema ili viti visivunjwe. Nilishuka hangarini mchana ule ule. Mdogo wangu alikuwa peke yake, anashona bega la nguo yake.

"Kuna kitu nataka kukuambia, na usinikatize," nikasema. "Ile filamu haikuwa imeisha."

"Ninajua."

"Nimesema usinikatize. Unajua nini?"

"Yaya, makopo nilishusha miye kwenye treni. Yameandikwa: moja kwa tano, mbili kwa tano, tatu, nne. Miye pia ninahesabu. Wewe njo ulinifundisha."

"Na ukanyamaza mwaka mzima!"

"Ulisema vizuri. Watu walifurahi."

"Anakufa, mudogo wangu."

"Kila filamu anakufa. Kufa njo kazi yake." Akakata uzi kwa meno. "Miye sikumupenda juu ya kushinda. Nilimupenda juu ya miguu."

"Na wengine? Wale kumi na mmoja?"

Akachomeka sindano kwenye bega la nguo. "Wengine walisikia umesema ameshinda," akasema.

Kwa hiyo deni lilikuwa langu na lilikuwa na watu kumi na mmoja, na mji mzima kama riba.

Jumapili watu waliingia bure, na unajua watu wakiingia bure wanavyoingia. Kila kiti kilikuwa na watu wawili. Katibu alikaa mstari wa mbele, kofia kichwani, akimzuia mama aliye nyuma yake. Vijana kumi na wawili walisimama ukutani upande wa madirisha na nguo zao za magunia. Dirisha la tisa lilizibwa na mgongo wa mdogo wangu.

Kabla fundi hajawasha, nilisimama mbele ya kitambaa.

"Wenzangu," nikasema, "mwaka jana niliwauzia kopo lisilojaa. Filamu ilikuwa ya bobini tano, zikafika nne. Niliwaambia ameshinda. Sikujua. Nilisema hivyo nikiogopa viti."

"Ee, mama mchele!" mtu akapiga kelele. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Leo kopo linajazwa. Mimi nitasoma kilichoandikwa, na pasipoandikwa sitasoma. Hesabuni pamoja nami, nisiwaibie tena."

Katibu aligeuza shingo. Alikuja na siri yangu mfukoni, na nilikuwa nimeupindua mfuko mbele ya watu wote. Lakini alibaki ametulia, maana jambo lake kubwa lilikuwa bado mbele.

Mashine ikaanza kulia. Mjapani yupo pale pale tulipomwacha, mlangoni, mikono chini. Wa kwanza akamjia na panga. Akamgeuza, akamlaza.

"Moja," nikasema.

Wawili pamoja. "Mbili. Tatu."

Kufikia nne watoto wa reli walikuwa wanahesabu. Kufikia sita ukumbi mzima. Sauti ilitoka chini kwenye sakafu, na kila mtu alipoanguka iliupiga ukuta: saba! nane! Alikatwa begani, akaendelea. Kumi! Mzee mmoja alisimama juu ya kiti anahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akashika vya jirani. Kumi na mbili! Shujaa mwenyewe, yule mwenye miguu ya matope, alikuwa bado yuko kwenye ngazi, amekunja mikono, anasubiri wenzake wachoke. Watu walimwona. "Shuka basi wewe! Unaogopa nini?" Nimekaa miaka mingi katika ukumbi ule na sikuwahi kusikia shujaa akizomewa.

Hapo watu wawili walianguka nyuma ya nguzo kwa wakati mmoja, na ukumbi ukagawanyika. Wengine wakapiga kelele kumi na tatu, wengine kumi na nne. Ndipo shujaa akashuka. Akampiga Mjapani bega lililokwisha katwa, na Mjapani akapiga goti. Goti moja. Nilihesabu. Kinywa kikafunguka, midomo ikasogea.

Chini ya kitambaa hapakuwa na maandishi yoyote.

"Fasiri, sitwayeni!" Katibu alikuwa amesimama. Kivuli cha kofia yake kiliingia kwenye picha, kikakaa juu ya kifua cha Mjapani. "Anasema nini? Waambie anasema nini!"

Niliyaona magunia yangu. Nilimwona mdogo wangu dirishani, amesimama, mstari mwembamba wa jua umemzunguka. Angenipa ishara yoyote ningeifuata. Hakunipa.

"Hapajaandikwa kitu," nikasema.

"Fasiri!"

"Sitwayeni, mimi ninauza kilichomo ndani ya kopo. Kopo hili ni tupu. Hakuomba kitu."

"Anaomba musamaha!"

"Basi fasiri wewe. Kichina unakijua."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji. Kwenye kitambaa Mjapani alisimama tena kutoka kwenye goti lake, akapigwa, akaanguka chali, miguu yake sawa. Alikufa. Sikusema ameshinda. Nilisema, "Amekufa." Hakuna kiti kilichosogea.

Halafu mtu akauliza, kama mtu anayeuliza chenji yake: "Lakini walikuwa kumi na tatu ao kumi na nne?"

"Kumi na tatu!"

"Kumi na nne! Nyuma ya nguzo walikuwa wawili!"

"Papa, rudisha tuhesabu!"

Mashine ya fundi ilikuwa na swichi ya kurudisha filamu nyuma. Siku zote alizima taa kwanza, akairudisha gizani, kwa sababu taa ilikuwa ghali na yeye alikuwa mtu wa reli, hapotezi kitu. Siku ile aliivuta swichi na taa ikabaki inawaka.

Mjapani alifungua macho. Aliinuka kutoka chini kama mtu aliyevutwa kwa kamba na mbingu. Shujaa akaruka kinyumenyume mpaka kwenye ngazi yake, akakunja mikono, mwoga kama mwanzo. Mmoja baada ya mwingine, waliolala waliruka wakasimama, na kila aliyesimama ukumbi ulimhesabu: moja! mbili! tatu! Wawili wa kwanza walitoka nyuma ya nguzo, wazi kabisa, na upande wa kumi na nne ukapiga kelele mpaka nikaziba masikio. Panga likatoka begani mwake, jeraha likafunga. Kumi na nne. Mbele na nyuma, kumi na nne. Naye akabaki mlangoni, mikono chini, mzima, na hapo fundi akasimamisha mashine.

"Taa! Nani alikuambia uache taa?" katibu akapiga kelele.

"Nimesahau, sitwayeni," akajibu mzee. "Uzee."

Mgeni alifika Alhamisi. Tulipangwa stesheni kwa rangi za vitenge. Wale kumi na wawili walikuwa mbele, na ngoma ikaanza, na walipiga mikono na miguu vizuri kiasi kwamba hata mimi ningelipa. Jina likatajwa. Mpiga ngoma alipiga pigo la kuanguka. Halafu akalipiga tena, akidhani hawakusikia.

Walisimama. Nilianza kuhesabu kutoka kushoto, nikafika kumi na mbili, nikarudi kutoka kulia, nikafika kumi na mbili. Wale kumi na mmoja walikuwa wamesikia nikisema "amekufa", na bado walisimama. Mgeni, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba watu wanapaswa kuanguka, alifurahi sana na kupiga makofi. Katibu alipiga makofi pia. Ilimbidi.

Hangari ilifungwa kufuli Ijumaa. Magunia yangu yalitolewa ukumbini siku hiyo hiyo, manane, moja limepasuka, na mashine ikakabidhiwa kwa mtu mwingine ambaye hakujua kuitumia, kwa hiyo Kindu ilikaa muda mrefu bila sinema. Mdogo wangu alipewa barua ya kuhamishiwa kastesheni kamoja kusini, katikati ya majani, kama ilivyoahidiwa. Sisemi kwamba tulishinda. Nililisema neno hilo mara moja na unaona kilichotokea.

Asubuhi ya safari nilimpelekea mchele, na ukurasa wa makayabo ambao mtu aliung'oa ukutani kabla ya kufuli. Nilimwambia aukunje vizuri. Akaniambia nisimfundishe kukunja karatasi. Aliingia behewani, akakataa kukaa, akasimama mlangoni, mikono chini.

Jukwaani walikuja wenzake, na nguo zao za magunia, saa za kazi, wote. Hawakuimba, hawakupunga mikono. Mkubwa wa stesheni akatoka ofisini na karatasi zake.

"Ninyi munafanya nini hapa?"

"Tumesimama tu," mmoja akasema.

Akatafuta kosa ndani ya jibu hilo, hakulipata. Treni ikaanza kuvuta. Nilihesabu jukwaani: kumi na mmoja. Nikahesabu mlango wa behewa: mmoja. Nikarudia, nikaongeza na mama mchele mwenye mikono mitupu, nikaona kwamba sasa tunazidi kumi na wawili.